Sura ya Nne: Ilianza Saa Ngapi?

Muulize mtu mwenye mafua yalimwanza lini. Atafikiri kidogo, aseme juzi, au labda siku moja kabla ya hapo: koo lilikuwa linawasha, akadhani ni vumbi, kesho yake akaamka pua imeziba na chafya hazikatiki. Muulize mwenye influenza swali hilohilo, mara nyingi atakutajia saa. Jana saa nane mchana nilikuwa dukani napanga mzigo, nikasikia baridi inanipanda mgongoni. Kufika saa kumi nilishindwa kusimama.

Katika maswali yote anayoweza kuulizwa mgonjwa, hilo la saa ndilo linaloyatenga magonjwa haya mawili vizuri kuliko mengine, na halihitaji maabara wala fedha. Mafua hunyemelea. Influenza huangusha. Aliyeamka mzima asubuhi anaweza kuwa kitandani jioni, homa imefika nyuzi 39, kichwa kinagonga nyuma ya macho, na mwili unauma mpaka shuka likimgusa analalamika.

Mtaani yote mawili huitwa mafua, au flu, na kwa mazungumzo ya kawaida inatosha. Hapa nitayatenga. Mafua ni yale ya kila siku, ya pua na koo. Influenza, ambayo vitabu vya afya huiita pia homa ya mafua, ni ugonjwa mwingine wenye virusi vyake. Nayatenga kwa sababu kuyachanganya kunatugharimu. Mwenye mafua ananunua dawa asizozihitaji, na mwenye influenza anaachwa alale tu mpaka kifua kimembana, kwa kuwa kila mtu nyumbani ameamini kwamba mafua hayajaua mtu. Na katika nchi zetu upo ugonjwa wa tatu, malaria, ambao mwanzo wake unafanana mno na influenza na ambao ukikosewa unaua kwa siku chache. Mtu wa Stockholm anaweza kusoma sura kama hii akaishia kwenye magonjwa mawili. Sisi hatuwezi.

Tuanze na mafua. Hayana kirusi kimoja. Virusi zaidi ya 200 vinaweza kuyaleta, na kundi kubwa kuliko yote ni rinovirusi, lenyewe likiwa na aina zaidi ya 160. Ndiyo maana mtu mzima huugua mafua mara mbili tatu kwa mwaka, na mtoto wa chekechea mara sita, nane au zaidi, bila mwili kuwahi kuyamaliza: kila safari unakutana na aina nyingine. Rinovirusi hupenda ubaridi. Huzaliana vizuri kwenye nyuzi 33 hivi, ambalo ndilo joto la ndani ya pua, na huzorota kwenye nyuzi 37 za ndani ya mwili. Kwa hiyo hukaa juu, puani na kooni, na hushuka mara chache.

Huingia kwa mkono ulioshika kitasa au simu ya mgonjwa kisha ukasugua jicho au pua, na huingia kwa hewa na matone ya chafya. Siku moja hadi tatu baadaye koo linaanza kuwasha. Kinachofuata sehemu kubwa ni jibu la mwili wenyewe: mishipa midogo ya damu ndani ya pua inatanuka, nyama za puani zinavimba, tezi zinamwaga majimaji. Pua inapoziba usiku, kilichoiziba zaidi ni uvimbe huo kuliko kamasi, na ndiyo sababu mtu anapenga mpaka masikio yanauma na pua bado haijafunguka.

Kamasi la siku ya kwanza ni maji. Siku ya tatu au ya nne linakuwa zito, la manjano, pengine la kijani, na hapo watu wengi hukimbilia duka la dawa wakisema ugonjwa umegeuka. Rangi ile inatoka kwenye seli nyeupe za damu zilizokimbilia puani kupigana. Ndani yake mna kimeng'enya chenye madini ya chuma, na chenyewe kina rangi ya kijani. Kamasi la kijani la siku ya nne linakueleza kwamba kinga iko kazini. Halikuelezi kama kuna bakteria. Mafua hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, yakaisha kati ya siku ya saba na ya kumi, ingawa kikohozi kidogo kinaweza kubaki nyuma kwa wiki nyingine. Ukiona chafya mfululizo, pua na macho yanawasha, makamasi ni maji matupu siku zote na homa haipo, na hali inarudi kila unapofagia au unapolalia mto ule wa zamani, hiyo huenda ni aleji na haina kirusi kabisa.

Na baridi je? Mama zetu wametuonya tusinyeshewe, tusilale na nywele mbichi, tusikanyage saruji asubuhi bila viatu. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, kuanzia 1946 palikuwa na kituo cha utafiti wa mafua kilichopokea watu wa kujitolea kwa zaidi ya miaka 40. Walikaa pale siku kumi hivi, wakatiwa matone puani, wengine yenye virusi na wengine yasiyo na kitu, halafu wakaangaliwa. Mwasisi wa kituo, Christopher Andrewes, alitaka kulijibu swali la baridi. Baadhi ya wageni wake waliogeshwa maji ya moto, wakasimamishwa nusu saa kwenye ujia unaopita upepo wakiwa na nguo za kuogelea zilizolowa, kisha asubuhi yote iliyobaki wakashinda na soksi mbichi. Waliopozwa namna hiyo bila kupewa virusi hakuugua hata mmoja. Miaka mingi baadaye, 2005, watafiti wa Cardiff waliwatia watu 90 miguu kwenye maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaweka miguu kwenye beseni tupu. Katika siku zilizofuata waliopozwa miguu walilalamika mafua zaidi, 13 kwa 5. Sioni kwamba majaribio haya yanagombana. Baridi haizai kirusi, lakini huenda inakipa nafasi kile kilichokwisha kukaa puani kimya. Na kipupwe cha Juni hadi Agosti, kule Njombe na Mbeya au Limuru na Nairobi, hutukusanya ndani madirisha yakiwa yamefungwa, hewa ileile ikipita kwenye vifua vya watu kumi.

Influenza ina historia nyingine. Kirusi cha influenza ya binadamu kilipatikana London mwaka 1933, na waliokipata ni Wilson Smith, Patrick Laidlaw na Andrewes huyohuyo. Walichukua maji waliyosukutulia wagonjwa kooni, wakayatia puani mwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche anayefugwa Ulaya, na baada ya siku mbili tatu fereti wakawa na homa na chafya. Mwaka 1936 Smith na Charles Stuart-Harris wakaandika jinsi fereti mgonjwa alivyompigia chafya mtafiti usoni, naye akaugua, na kirusi kikapatikana kooni mwake. Hapo haikubaki shaka kwamba ugonjwa ulikuwa na mwenyewe.

Kinachouweka mbali na mafua ni mahali unapokwenda. Influenza haiishii puani. Hushuka kwenye koromeo na mirija ya hewa, na huko huziua na kuzibandua seli zenye vinyweleo ambavyo kazi yake ni kusukuma vumbi na vijidudu kwenda juu vitoke. Mirija inabaki mibichi. Ndipo linapotoka lile kohozi lisilokuja, kikohozi kikavu kinachochoma nyuma ya mfupa wa katikati ya kifua. Maumivu ya miguu na mgongo yana chanzo kingine: kwa kawaida virusi havijafika kwenye misuli hiyo, ila kinga imemwaga ndani ya damu kemikali za kuita msaada, na kemikali hizo ndizo zinazopandisha homa, kuondoa hamu ya chakula na kumlaza mtu chini. Pua inaweza kutoka kamasi pia. Lakini sikiliza mpangilio wa maneno. Mwenye mafua huanza kujieleza puani. Mwenye influenza huanza na mwili, na pua huikumbuka ukimuuliza.

Kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni siku moja hadi nne, mara nyingi mbili. Homa hudumu siku tatu hadi tano, na wengi huwa wamepona ndani ya wiki, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kuendelea wiki mbili au zaidi. Uchovu huo watu hawauzungumzii vya kutosha. Kijana wa miaka 25 aliyezoea kubeba magunia anapanda ngazi moja anakaa chini. Mwajiri anamwona mvivu, naye mwenyewe anaanza kudhani ana ugonjwa mwingine uliojificha. Mwili ule unajenga upya ngozi ya ndani ya mirija ya hewa, na ujenzi huo unachukua wiki kadhaa.

Nisidai zaidi ya ninachoweza kudai. Saa ya kuanza, homa na maumivu ya mwili vinaelekeza, havithibitishi. Influenza nyepesi hufanana kabisa na mafua. Mtoto mdogo anaweza kupata homa kwa mafua ya kawaida. Mzee mwenye influenza anaweza asipate homa yoyote, akawa tu amechoka, hali chakula, anachanganya majina ya wajukuu. UVIKO-19 huiga yote mawili, na kupotea kwa harufu, ambako mwanzoni kuliutambulisha, si kwa kila mgonjwa. Kipimo cha maabara peke yake ndicho kinachotoa jina la kirusi kwa uhakika, na kwa mtu mzima mwenye afya anayepumua vizuri jina hilo halibadilishi sana matibabu. Linalobadilisha matibabu ni maswali mawili: je, ni malaria? Je, mgonjwa huyu yumo katika hatari?

Homa, kutetemeka, kichwa, viungo kuuma, kichefuchefu, ghafla. Maelezo hayo ni ya influenza, na ni ya malaria vilevile, neno kwa neno. Kwa miaka mingi zahanati zetu zilikata shauri kwa njia ya mkato, kwamba kila homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na uthibitisho wenyewe ulikuwa haba. Utafiti uliochapishwa 2004 ulikagua wagonjwa waliolazwa katika hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania wakitibiwa malaria kali. Damu yao ilipoangaliwa upya kwa darubini, chini ya nusu ndio waliokutwa na vimelea. Waliobaki walikuwa na kitu kingine, na wengi wao hawakutibiwa hicho kitu kingine.

Halafu kuna utafiti ninaoupenda kuliko yote katika suala hili. Mwaka 2008, Dar es Salaam na Ifakara, watoto 1,005 wa chini ya miaka kumi waliofikishwa kliniki na homa walipimwa kwa kina, kila mmoja kwa vipimo vingi. Matokeo yalitoka 2014. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Malaria ilikuwa asilimia kumi na ushee. Kwa watoto saba katika kila kumi kilikutwa kirusi cha namna moja au nyingine. Mzazi wa Dar es Salaam aliyekuwa akimpa mtoto dawa ya mseto ya malaria kila anapochemka alikuwa anakosea mara nyingi kuliko alivyopatia, na hakuwa na njia ya kujua, maana homa ya kirusi hushuka yenyewe siku ya nne na dawa ya mseto ikabeba sifa.

Usisome hapo kwamba malaria imekwisha. Kigoma, Geita, Tabora, Mtwara, na kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya na Uganda, hesabu ni nyingine. Wala kikohozi na makamasi havimtoi mtu kwenye orodha ya malaria, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na mafua ya shuleni na vimelea kwenye damu siku ileile. Kinachofaa ni tone la damu kwenye kidole, kipimo cha haraka, na majibu ndani ya dakika 15 au 20. Shirika la Afya Duniani limetaka hivyo tangu 2010: kila anayeshukiwa malaria apimwe kwanza. Zahanati na vituo vya afya vina vipimo hivyo. Kigumu zaidi, naona, ni kuyakubali majibu yakiwa hasi. Watu wanatoka na karatasi inayosema hakuna malaria, wanapita duka la dawa kununua mseto. Ukiwa na shaka na homa haijashuka, rudi ukapimwe tena siku ya pili. Hiyo ni hatua ya busara. Kumeza dawa dhidi ya majibu si hatua ya busara. Na ukiambiwa kwa kipimo cha Widal, kile cha taifodi, kwamba unayo "malaria na taifodi" kwa pamoja, kama wanavyoambiwa watu wengi sana, uliza kama kuna kipimo kingine, kwa kuwa Widal ya mara moja hudanganya mno.

Neno moja kwa walio mbali. Mswahili anayeishi London, Muscat au Minneapolis, aliyekuja likizo nyumbani na kurudi, akipata homa wiki mbili baadaye, daktari wake atawaza influenza kwanza, hasa ikiwa ni majira ya baridi. Daktari huyo hajui ulilala Tanga. Mwambie kabla hajauliza. Malaria inaweza kujitokeza kuanzia siku ya saba hivi baada ya mbu kukuuma, na wakati mwingine miezi kadhaa baadaye, na mtu aliyekaa Ulaya miaka mingi hana tena ile kinga aliyoijenga utotoni.

Sasa hatari. Influenza ya 1918 ilikadiriwa kuua watu milioni 50 duniani. Huku kwetu iliingia kwa bandari ya Mombasa katika miezi ya mwisho ya mwaka huo, ikapanda reli kwenda bara, ikawakuta watu waliochoshwa na njaa na vita. Askari na wapagazi wa jeshi la Wajerumani waliojisalimisha Novemba 1918 waliwekwa kambini Tabora wakisubiri kurudishwa makwao, na wengi walifia hapo kwa ugonjwa huo, vita vikiwa vimekwisha. Miaka 90 baadaye wataalamu walipoangalia tena mapafu ya watu waliokufa 1918 yaliyohifadhiwa maabara, waliona kwamba vifo vingi vilikamilishwa na bakteria. Kirusi kiliibandua ngozi ya ndani ya mirija ya hewa, bakteria wa kawaida wa kooni wakateremka kwenye mapafu yasiyo na ulinzi, ikawa nimonia.

Ndivyo inavyoua hadi leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba influenza ya kila mwaka huchukua roho kati ya 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya njia ya hewa peke yake, na karibu vifo vyote vya watoto wa chini ya miaka mitano vinavyotokana nayo hutokea katika nchi zinazoendelea. Walio hatarini zaidi ni watoto hao, wajawazito, wazee wa miaka 65 na zaidi, na wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo, selimundu au VVU. Mtu wa namna hiyo akianguka ghafla na homa na kikohozi, asisubiri wiki iishe. Ipo dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, oseltamivir, na hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48. Haipatikani kila mahali, lakini hospitali ya mkoa au ya rufaa ndipo pa kuuliza, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupewa hata akichelewa.

Kwa mtoto, kipimo bora kiko mikononi mwa mzazi. Subiri atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue nguo kifua na tumbo vionekane, mlaze mahali penye mwanga. Weka simu ihesabu dakika moja, nzima, usikate nusu ukazidisha kwa mbili, maana watoto hupumua kwa mkupuo kisha wakatulia. Kila kifua kinapopanda, hesabu moja. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, mpaka ni 50. Wa mwaka mmoja hadi kabla hajatimiza mitano, ni 40. Kisha angalia chini ya mbavu za mwisho: akivuta hewa, sehemu ile ikibonyea kwenda ndani badala ya kutoka nje, mtoto anahangaika kupumua na hiyo si ya kusubiri asubuhi. Nayo ni hivyohivyo kwa mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea usiweze kumwamsha vizuri. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitali hata kama dalili nyingine hazipo.

Kwa mtu mzima angalia pumzi pia: anayeshindwa kumaliza sentensi bila kutweta, kifua kinachouma akivuta hewa, kuchanganyikiwa, midomo au ulimi kubadilika kuwa wa kijivu au buluu (kwa watu weusi tazama ndani ya mdomo na ufizi, huko huonekana mapema kuliko usoni). Na iko dalili moja ambayo watu huikosa kwa sababu inakuja baada ya furaha. Siku ya nne mgonjwa amekaa, amekunywa uji, homa imeshuka. Siku ya sita homa inapanda upya, kohozi linatoka zito, lenye rangi au damu. Influenza hairudi kwa mtindo huo. Huyo ameingiwa na bakteria, na sasa antibaiotiki ndiyo dawa yake, tena haraka.

Kabla ya hapo, antibaiotiki haina kazi. Haimgusi mgonjwa wa mafua wala wa influenza, kwa kuwa haiui virusi, hata ikinunuliwa kwa vidonge vinne vya rangi mbili kwenye karatasi ya khaki. Inachofanya ni kuwazoesha dawa bakteria waliomo mwilini mwetu, na siku ile ya sita inapofika tunakuta amoksilini imeshindwa. Hili linanisikitisha hasa, kwa kuwa anayeuza anajua, na anayenunua anafanya hivyo kwa upendo kwa mtoto wake.

Kinachosaidia ni cha kawaida: kupumzika, maji, uji, mchuzi, na parasetamo kwa kipimo cha umri au uzito. Watoto na vijana wenye influenza wasipewe aspirini, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo. Asali kijiko kimoja usiku hutuliza kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja. Chini ya mwaka asipewe kabisa, maana inaweza kubeba vimelea vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvizuia. Chai ya tangawizi na limau inatuliza koo, na sina neno nayo. Kujifukiza nina neno nako. Mvuke unaweza kumpa mtu mzima nafuu ya pua kwa dakika chache, lakini hauui kirusi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi pamoja na mtoto imeunguza watoto wengi vibaya. Mtoto mwekee puani matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo, yanauzwa duka la dawa, kisha mnyonyeshe.

Mwenye homa akae nyumbani mpaka ishinde siku nzima bila kupanda na bila parasetamo. Shule nyingi zingepata nafuu kubwa kama wazazi wangefanya hivyo, nami najua ni vigumu kwa mama anayeuza vitumbua asubuhi na hana wa kumwachia mtoto.

Chanjo ipo kwa influenza tu. Kwa mafua haipo, na ukizikumbuka zile aina 160 utaelewa kwa nini. Hata ya influenza hubadilishwa mara kwa mara kwa kuwa kirusi nacho hubadilika. Wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka kuchagua kitakachowekwa ndani yake. Tanzania na Kenya hazijaiingiza kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, lakini hupatikana kwa kulipia katika baadhi ya hospitali na vituo vya chanjo za wasafiri, na mahujaji hushauriwa waipate kabla ya safari. Kama fedha zinatosha chanjo moja tu katika nyumba na mama ni mjamzito, ningempa yeye. Mtoto hawezi kuchanjwa influenza kabla hajafikisha miezi sita, na kinga anayoijenga mama hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwake, akazaliwa nayo.